Ndugu akianguka, kicheko chetu kinaficha nini?

Jumapili ile matangazo yalikuwa marefu. Mzee wa kanisa alisoma ratiba ya jumuiya, akasoma majina ya wanaotarajia kufunga ndoa, kisha akakunja karatasi na kumpisha mchungaji. Mchungaji akasema kwa sauti ya chini kwamba mweka hazina wa kwaya yetu amesimamishwa huduma, na kwamba hatashiriki Meza ya Bwana hadi atakaporudi kundini. Sababu hakuitaja, na hapakuwa na haja. Tangu Alhamisi usiku usharika mzima ulikuwa unajua kwamba shilingi 2,150,000 tulizochanga kwa ajili ya kurekodi nyimbo zetu hazipo. Alikuwa amezimalizia kwenye mikeka ya kubeti, kidogo kidogo, kwa miezi saba.

Mimi ndiye katibu wa kwaya hiyo. Daftari la michango naliandika kwa mkono wangu, kwa hiyo najua jina lililo nyuma ya kila noti. Namjua binti wa kazi za ndani aliyekuwa akileta elfu tano kila mwisho wa mwezi, zimekunjwa ndani ya leso. Namjua mama anayeuza vitumbua kituo cha daladala, ambaye peke yake alitoa elfu sabini kwa sababu, alivyosema, alitaka wajukuu wake waje kumsikia akiimba hata akiwa kaburini.

Nilikasirika, na mpaka leo sioni kwamba hasira ile ilikuwa dhambi. Kinachonitisha nikikumbuka ni kile kilichofuata hasira ilipopoa. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu aliandika, "Ndio walokole wenu hao," na vikatuni vya vicheko vikajaa skrini nzima. Nami nikaweka changu. Jumapili iliyofuata dada mmoja alisimama kushuhudia jinsi mtoto wake alivyopona, nikajikuta nawaza: huyu naye ana lake. Mchungaji akitangaza changizo la bati za nyumba ya mwinjilisti, nawaza. Mzee akiomba kwa machozi, nawaza. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nakaa kanisani kama askari wa getini anayempekua kila anayeingia, na moyoni nilijisifu kwamba sasa nimefumbuka macho.

Neno ninalolitumia kwa hali hiyo ni kebehi, ingawa halinitoshelezi kabisa. Tumezoea kulitumia kwa maneno ya dharau anayotupiwa mtu. Mimi nasemea kitu kinachokaa ndani zaidi: moyo uliokwisha kukata shauri kwamba waumini wote wanaigiza, na kwamba anayeonekana mwema ni yule tu ambaye arobaini yake haijafika. Mtu mwenye hasira bado anadai kitu kwa ndugu yake. Anagonga meza kwa kuwa anaamini yule mwenzake angeweza kufanya vingine, na kesho anaweza kufanya vingine. Moyo wa kebehi haudai chochote tena. Umekwisha kufunga hesabu.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kushtuka ni haki yake, na anayemcheka kwa kushtuka hajawahi kuumwa. Mtu aliyetapeliwa na mzee wa kanisa ana haki ya kuomba stakabadhi mara mbili. Msichana aliyeudhiwa na kiongozi wa vijana ana haki ya kutokaa naye chumba kimoja. Tahadhari ya namna hiyo naiheshimu. Lakini mimi nilivuka mpaka wa tahadhari. Nilifika mahali pa kuamini kwamba unyasi haupo kabisa duniani, wapo nyoka tu.

Na jambo hili linauma kanisani kuliko sokoni kwa sababu inayojulikana. Fundi gereji akinipiga bei ya spea, naudhika, kesho natafuta fundi mwingine, basi. Mtu niliyepokea naye mkate mmoja na kikombe kimoja akiniibia, hakuna kanisa la pembeni la kukimbilia ambako watu hawatendi dhambi. Ukubwa wa kebehi hupimwa kwa ukubwa wa tumaini lililokuwepo kabla yake. Ndiyo maana siwezi kuwashambulia wenye moyo huu. Wengi wao ni watu waliopenda sana, wakaumizwa, na hawakupata mahali pa kulia.

Mwaka 303, Kaisari Diocletian wa Roma alitoa amri kwamba vitabu vitakatifu vya Wakristo vikabidhiwe na kuchomwa. Kaskazini mwa Afrika, katika mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine nchini Algeria, ofisa wa mji alifika tarehe 19 Mei kwenye nyumba ambamo Wakristo walikuwa wakikusanyika. Karani wake aliandika kila kitu, na maandishi yale yamehifadhiwa. Yanataja vikombe 2 vya dhahabu na 6 vya fedha, taa za fedha na za shaba, kanzu 82 za kike na 16 za kiume, jozi 47 za viatu vya wanawake na 13 za viatu vya wanaume. Ukiisoma orodha hiyo polepole unaliona kanisa lenyewe: nguo zile na viatu vile yaelekea viliwekwa kwa ajili ya maskini na wajane.

Ofisa akaamuru vyote vitolewe. Shemasi mdogo aitwaye Silvanus akatoa kasha la fedha na taa ya fedha, akisema amevikuta nyuma ya mtungi. Mmoja wa watu wa ofisa akamwambia kwamba angekuwa maiti kama asingevipata. Shemasi mdogo mwingine, Catullinus, akaleta kitabu kimoja kikubwa mno. Ofisa akauliza kwa nini kimoja tu. Wakajibu kwamba vingine viko kwa wasomaji. Akadai majina ya wasomaji hao. Hapo Catullinus na mwenzake Marcuclius wakasema, sisi si wasaliti, tuko hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa.

Nimerudi kwenye tukio hili mara nyingi tangu mambo ya kwaya yetu. Mtu yule yule, katika saa ile ile, amekabidhi Neno la Mungu likachomwe, kisha amekataa kumkabidhi ndugu yake ingawa anatishwa. Ukimuuliza mwenye kebehi kuhusu Catullinus atakwambia: alikabidhi kitabu. Hajadanganya. Ameacha tu kusoma mistari mitatu inayofuata.

Mateso yalipoisha, kanisa la Afrika lilikabiliwa na swali gumu. Waliokabidhi vitabu wafanywe nini? Miaka michache baada ya siku ile maaskofu kadhaa wa Numidia, jimbo lenye mji huo, walikutana huko huko Cirta kumsimika askofu mpya. Mwenyekiti wao, Secundus wa Tigisis, akaanza kuwahoji mmoja mmoja. Mmoja akakiri kwamba aliwapa wakaguzi vitabu vya tiba ili wafikiri ni Maandiko. Mwingine alikuwa ametupa Injili nne motoni. Walipomfikia Purpurius wa Limata, aliyetuhumiwa kuwaua watoto wa dada yake, akamgeuzia kibao mwenyekiti: na wewe ulipokamatwa, uliachiwaje? Secundus akashauriwa aliache jambo hilo kwa Mungu. Akaliacha. Na askofu aliyesimikwa siku zile ni nani? Ni Silvanus, yule wa kasha la fedha nyuma ya mtungi.

Mambo yangeishia hapo ningesema ni rehema iliyofanywa kienyeji. Lakini muda si mrefu Secundus huyo huyo aliongoza maaskofu wapatao 70 hadi Carthage, wakamkataa Caecilian, askofu mpya wa mji huo. Hoja yao ilikuwa kwamba mmoja wa waliomsimika, Felix wa Aptungi, alikabidhi vitabu, kwa hiyo mikono yake ni najisi na kila alichogusa ni najisi. Silvanus alikuwa upande wa hao waliohukumu. Uchunguzi wa serikali ulimwondolea Felix tuhuma hiyo. Mwaka 320 uchunguzi mwingine, mbele ya gavana Zenophilus, ukaisoma hadharani ile orodha ya Cirta, na jina la Silvanus likasikika likiwa na taa yake ya fedha.

Mfarakano huo, ambao historia imeuita kwa jina la Donatus, askofu aliyewaongoza waliomkataa Caecilian, ulidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 wa pande mbili walikutana Carthage kubishana, na karibu kila mji ulikuwa na maaskofu wawili wasiosalimiana. Sisemi kwamba upande wa pili ulikuwa safi. Augustino, askofu wa upande huo aliyewajibu wafuasi wa Donatus kwa hoja nzito kwamba kanisa ni shamba lenye ngano na magugu hadi siku ya mavuno, mwishoni aliunga mkono faini na nguvu za dola dhidi yao, na hilo limebaki doa. Wala sisemi kila mfuasi wa Donatus alikuwa mnafiki. Wengi walikuwa watoto wa mashahidi, watu waliozika wazazi wao waliokataa kukabidhi hata ukurasa mmoja. Huzuni yao ilikuwa ya kweli. Ila waasisi wao waliitumia huzuni hiyo ya wengine kufunika mtungi ambao wenyewe walikuwa wamejificha nyuma yake.

Hapa ndipo ilinilazimu kusimama na kujitazama. Katiba ya kwaya yetu inasema mweka hazina atatoa taarifa ya fedha kila robo mwaka, na kwamba fedha zitakaa benki kwa saini tatu. Moja ya saini hizo ni ya katibu. Fedha zetu hazikuwahi kwenda benki. Zilikaa kwenye simu ya mtu mmoja kwa sababu ilikuwa rahisi, na mimi niliyepaswa kuuliza sikuuliza kwa miezi saba. Nilipoweka kikatuni changu cha kicheko kwenye WhatsApp nilikuwa naogopa kwamba mtu ataandika: na katibu alikuwa wapi? Kadiri nilivyocheka kwa sauti ndivyo swali lile lilivyochelewa kufika. Nilikuwa nyuma ya mtungi.

Nadhani hiyo ndiyo siri ya kebehi ndani ya kanisa. Huonekana kama ujuzi wa watu, kumbe huwa ni pazia. Wapo wanaofunika huzuni kwa pazia hilo, wapo wanaofunika kosa lao, na wengi hufunika uvivu. Wote wakiwa wanafiki, mimi sina safari ya kufunga kwa ajili ya mtu, sina nyumba ya kutembelea, sina deni la kusamehe. Jumamosi yangu inabaki huru.

Kuna watakaonijibu kwa ukali, na nawaelewa. Watasema mahubiri ya "tusihukumiane" ndiyo yaliyowalinda waovu. Ni kweli yamewalinda. Mwaka 1982 huko Uingereza viongozi wachache wa Kikristo waliandikiwa taarifa ya siri kuhusu mwanasheria John Smyth, aliyekuwa akiongoza kambi za kiroho za wavulana, jinsi alivyokuwa akiwachapa vijana viboko vya kikatili. Taarifa haikupelekwa polisi. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe na kuanzisha kambi nyingine. Mwaka 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea katika kambi yake. Smyth alifariki 2018 bila kuhukumiwa na mahakama yoyote, na Novemba 2024, baada ya ripoti huru kuchapishwa, Askofu Mkuu wa Canterbury Justin Welby alitangaza kujiuzulu. Walionyamaza mwaka 1982 waliamini wanailinda kazi ya Mungu. Waliolipa gharama ya ukimya huo ni watoto, na wengine wao walikuwa watoto wa Afrika.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Mtu anayewadhuru watoto apelekwe polisi asubuhi hiyo hiyo, na mchungaji anayemficha apelekwe pia. Paulo anasema upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli" kabla tu ya kusema kwamba upendo "huvumilia yote, huamini yote, hutumaini yote." Kweli imetangulia. Anayetaka kuruka mstari wa kwanza ili afike wa pili hajaanza safari.

Ila tazama kwa makini, yule anayeficha na yule anayekebehi wamekimbia kazi moja. Mathayo 18 inaitaja kwa maneno machache: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Kazi ni kwenda na kusema kweli ukiwa bado unamtaka. Anayeficha anamtaka ndugu bila kweli. Anayekebehi ana kweli, au kipande chake, na hamtaki ndugu. Wote wawili hawajavaa viatu wala kutoka nje. Na nimeona kanisa moja likihama kutoka kuficha kwenda kukebehi ndani ya wiki moja bila kupita katikati: Jumatano wazee wanasema jambo hili lisitoke nje, Jumapili vijana wanatengeneza vikatuni.

Vipi kuhusu Paulo mwenyewe na Yohana Marko? Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perge, katikati ya safari, akarudi Yerusalemu. Luka hasemi kwa nini. Walipopanga safari ya pili Barnaba akataka kumchukua tena, Paulo akakataa, na "palitokea mashindano baina yao hata wakatengana." Tumezoea kumtetea Barnaba na kumlaumu Paulo, au kinyume chake. Mimi naona Paulo alikuwa na hoja. Safari zile zilikuwa za mawe na fimbo, na mtu aliyekuacha njiani mara moja huwezi kumkabidhi roho za watu wengine kwa sababu tu unamhurumia. Hiyo ni tahadhari. Lakini tahadhari ya Paulo haikugeuka kuwa hukumu ya milele. Katika Wakolosai anaagiza Marko akija apokewe. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo, akiwa mfungwa anayeona kifo kiko karibu, anaandika: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi." Kati ya Perge na sentensi hiyo kuna miaka mingi. Mtu fulani alitumia miaka hiyo kukaa na Marko kule Kipro, na hatujaandikiwa hata siku moja ya kazi yake.

Barnaba alikuwa na uzoefu. Ndiye aliyemshika mkono Sauli, yaani Paulo, aliyewahi kuwatesa waumini, alipofika Yerusalemu, wakati wanafunzi wote "walikuwa wakimwogopa," wasiamini kwamba ni mwanafunzi. Kama kebehi ingetawala siku ile, na ilikuwa na ushahidi wa kutosha, sijui nani angetuandikia barua kwa Wagalatia.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao urithi wetu katika jambo hili, na nasikitika kwamba tunausahau. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikaa pamoja kwa maombi na kusoma Maandiko. Uamsho uliotokana na hayo ulisambaa miaka ya 1930 Rwanda, Uganda, Burundi, ukavuka Bukoba, ukaingia Kenya. Neno letu mlokole limetoka huko, kwa Waganda, likiwa na maana ya aliyeokolewa. Wazee wetu waliokuwa kwenye Uamsho waliita nidhamu yao kuenenda nuruni. Katika ushirika wa kila wiki mtu alisimama akataja dhambi yake kwa jina: niliiba ofisini, nilimpiga mke wangu, nimewadharau wenzangu weusi. Ndiyo, wamisionari nao walisimama wakakiri kiburi chao mbele ya Waafrika waliokuwa wakiwaamuru jana yake. Kisha watu wakaimba "Tukutendereza," wimbo wa sifa wa Kiganda, wakamshika mkono aliyekiri.

Mpangilio ule ulikuwa na akili nyingi. Ulianzia kwa msemaji mwenyewe. Aliyetaka kumkaripia mwenzake alijua kwamba zamu yake ya kusimama inakuja, na kwamba watu wanamjua. Hakuna mahali kebehi hufa haraka kama mahali ambapo kila mtu amekwisha kusema yake. Uamsho nao ulikuwa na maradhi yake. Yalitokea makundi yaliyojitenga yakidai wenzao wamepoa, yakapimana kwa ukali, na toba ikawa namna ya kuwachungulia wengine. Lakini hata ugonjwa huo unafundisha: ulianza pale watu walipoacha kusema "mimi" wakaanza kusema "wale."

Na hapa siwezi kulikwepa jambo gumu kuliko yote, kwa sababu Gahini iko Rwanda. Mwaka 1994, katika mojawapo ya nchi ambamo uamsho ule ulizaliwa, Wakristo waliwaua Wakristo ndani ya makanisa. Huko Nyange, magharibi mwa nchi, Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani, na mwezi Aprili kanisa lile likabomolewa kwa mtambo juu ya vichwa vyao. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alikimbilia Italia, akaendelea na upadri kwa jina jingine. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa hapa Arusha ilimtia hatiani, na mwaka 2008 rufaa ikamhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa katika mauaji yale.

Mtu akiniambia kwamba baada ya Nyange hana imani na kanisa lolote, mimi sina hotuba ya kumpa. Nitakaa naye kimya. Sitamwita mwenye kebehi, kwa sababu anachobeba ni msiba.

Lakini Nyange ina tarehe nyingine. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 wapiganaji waliingia katika shule ya sekondari ya mahali hapo hapo, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa. Wakasema wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na kutupiwa maguruneti, baadhi yao wakafa, na Rwanda inawahesabu kuwa mashujaa wa taifa. Walikuwa vijana waliosoma mahali pale pale ambapo kanisa lilibomolewa. Ushahidi wote waliokuwa nao uliwaambia kwamba jirani humkabidhi jirani. Wala siyatumii mauti yao kulisafisha kanisa, kwa maana damu ya hawa haifuti ya wale. Nasema tu kwamba anayedai anawajua watu wa Nyange akaishia mwezi Aprili 1994, hawajui.

Injili ya Yohana ina mstari ambao umenisaidia kuliko mahubiri mengi. Watu wengi waliliamini jina la Yesu walipoziona ishara zake, "lakini Yesu hakujiaminisha kwao," kwa kuwa "yeye mwenyewe alijua yaliyomo ndani ya mwanadamu." Aliyajua yote. Alijua kuhusu fedha za mfuko ambazo Yuda alikuwa akizichukua, alijua kuhusu jogoo wa Petro. Kama kuwajua watu kunatosha kumfanya mtu akate tamaa nao, yeye ndiye angekuwa wa kwanza. Sura inayofuata inaanza na mgeni anayekuja usiku, Nikodemo, na anapokewa.

Miezi mitatu baada ya tangazo lile la kanisani nilikutana na yule mama wa vitumbua akishuka kwenye bodaboda, ana mfuko wa unga na maharage. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akanitajia nyumba ya mweka hazina. Nikaguna. Akaweka mfuko chini, akaniambia, "Katibu, hela yangu ilikuwa elfu sabini. Nimeshaililia, imekwisha. Sasa yule mtoto akijinyonga, mimi nitamlilia na nani?"

Nikabeba mfuko, tukaenda wote.

Alifungua mlango mwenyewe, amekonda. Hatukusema mengi siku ile. Ilipofika zamu yangu nilimwambia kuhusu zile saini tatu na taarifa za kila robo mwaka ambazo sikuwahi kuzidai. Alinitazama kwa muda mrefu, kana kwamba hakutarajia mtu mwingine awe na kosa katika habari hii. Jumapili mbili baadaye nililisema jambo hilo hilo mbele ya kwaya, nimesimama.

Yeye alirudi kundini mwaka uliofuata, mbele ya usharika, na mchungaji akamwekea mikono. Mkoba wa fedha hakurudishiwa, na hataki kurudishiwa. Alituomba wenyewe tusimpe hata nauli ya safari aishike. Fedha za kwaya ziko benki, saini tatu, na taarifa inabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila baada ya miezi mitatu. Ameacha kubeti, akaanguka tena mara moja mwezi wa Tano, akaja kusema kabla hatujasikia. Wapo wanakwaya wawili ambao hawajamsalimia mpaka leo, na sijawalazimisha.

Anaimba besi, safu ya nyuma, karibu na dirisha. Alhamisi iliyopita alikuja na shilingi 50,000, akaniomba stakabadhi. Nikaandika tarehe, nikaandika kiasi, na chini yake nikaandika kilichobaki: 610,000. Mama wa vitumbua alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri tuanze mazoezi.